Ufilisi wako umeisha? Idai barua yako

Kama ulifilisika England au Wales na mwaka umetimia, usikae unachungulia kisanduku cha posta. Hakuna atakayekuletea kitu. Mimi nilichungulia wiki nzima, nikidhani jambo zito namna hiyo haliwezi kwisha bila hata bahasha.

Nilikuwa napikia harusi hapa Reading: pilau, biriani, maandazi ya asubuhi kwa wanaolala kwa bibi harusi. Mwaka 2020 harusi zikakatika, madeni yakabaki. Nikajaza maombi mtandaoni na kulipa pauni 680 kwa mafungu (ndiyo, kufilisika nako kuna ada), na amri ya ufilisi ikatoka tarehe 14 Juni 2021. Sheria inasema ufilisi unaisha baada ya miezi 12, na hapo ndipo unapoitwa umeachiliwa. Tarehe 14 Juni 2022 nikaachiliwa, kimyakimya, nikiwa zamu kazini nambadilishia mzee shuka.

Mwezi Agosti nikapata nyumba ya kupanga. Wakala akanitafuta kwenye kompyuta yake, akaniambia, "Wewe ni mufilisi." Nikamwambia nilikuwa. Akasema lete karatasi.

Anza na daftari la ufilisi la watu binafsi. Liko wazi mtandaoni, bure, na jina lako linabaki humo miezi mitatu baada ya kuachiliwa. Tazama tarehe ya kuachiliwa, na tazama kama hapakuandikwa kwamba muda wako umesimamishwa. Usipompa ushirikiano mfilisi wa serikali, yaani afisa anayeshughulikia ufilisi wako, anaweza kuiomba mahakama isimamishe saa yako, ukawa unahesabu miezi ambayo haihesabiki. Chapisha ukurasa huo ungali upo. Wakala wangu aliukataa, akasema karatasi niliyochapisha mwenyewe si ushahidi, lakini ulinifaa kwa hatua iliyofuata kwa sababu una namba na tarehe zote.

Hatua yenyewe ni barua pepe kwa Insolvency Service, idara ya serikali inayosimamia mambo haya. Unaomba barua ya kuthibitisha kwamba umeachiliwa. Haina malipo, kwa hiyo ukikuta tovuti inakutoza pauni kadhaa "kukuombea", funga. Usiombe kabla ya siku yako kufika, hawatoi. Andika jina kamili, tarehe ya kuzaliwa, anwani ya sasa na ile uliyokuwa ukiishi wakati wa amri, tarehe ya amri na namba ya shauri.

Hapo kwenye jina sisi watu wa pwani tuwe macho. Mimi kwenye amri nina majina mawili, kwenye pasipoti matatu, na kazini wananiita kwa jina la babu kana kwamba ndilo la ukoo. Niliomba kwa jina la pasipoti, wakarudi kuniuliza. Andika jina lilivyo kwenye amri, halafu ongeza mstari mmoja kueleza kwamba unajulikana pia kwa hili na hili. Barua ilipokuja ilikuwa fupi mno, tarehe ya amri na tarehe ya kuachiliwa, basi. Wakala akaipokea bila neno.

Wapo watakaotaka zaidi ya barua, hasa wakopeshaji wa nyumba: wanataka hati ya mahakama. Hiyo inapatikana ikiwa ni mahakama iliyokufilisi, kama binamu yangu ambaye alishtakiwa na mtu anayemdai. Yeye aliiandikia mahakama iliyotoa amri, akalipa ada. Sisi tuliojaza maombi wenyewe mtandaoni tangu Aprili 2016 hatukupita kwa hakimu, kwa hiyo barua ya Insolvency Service ndiyo karatasi yetu. Mkopeshaji akibisha, mweleze hivyo kwa maandishi.

Sasa usiifungie kabatini. Tuma nakala kwa Experian, Equifax na TransUnion, kampuni zinazotunza rekodi za mikopo ya watu, zote tatu, kwa sababu hawapelekewi habari moja kwa moja kwamba umeachiliwa. Omba ripoti zako kwanza uzisome mstari kwa mstari. Yangu moja ilionyesha kadi ya benki bado inadaiwa, wakati deni lile lilikuwa ndani ya ufilisi. Deni la namna hiyo linatakiwa lionekane limefungwa, na tarehe ya kushindwa kulipa isiwe baada ya tarehe ya amri, la sivyo litakuganda muda mrefu kuliko ufilisi wenyewe. Ufilisi unakaa kwenye ripoti miaka sita tangu siku ya amri. Barua haiufuti, inauandika tu kwamba umekwisha.

Na barua haigusi kila kitu. Mkopo wa masomo, faini za mahakama na matunzo ya watoto vinabaki shingoni mwako. Kama ulikubali kukatwa mshahara, makato yanaweza kuendelea hata baada ya kuachiliwa, hadi itimie miaka mitatu tangu makubaliano. Nyumba uliyokuwa nayo pia haikurudii kwa sababu tu mwaka umepita.

Walioko Scotland, msifuate hatua zangu. Huko kuna ofisi nyingine, Accountant in Bankruptcy, na utaratibu wake ni mwingine.

Mimi rekodi yangu itafutika Juni 2027. Hadi hapo nakala moja iko kwenye simu, moja kwenye barua pepe, na ile niliyoichapisha iko ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na cheti cha ndoa.