Kabla ya kununua mashine ya kukatia nyasi ya kukalia

Usianze na mashine, anza na miguu. Zunguka eneo lako lote. Kama nyasi za kukata hazifiki nusu eka, mashine ya kusukuma inatosha. Ya kukalia itakujazia banda bure.

Kinachonitia hofu mimi ni mteremko. Chukua ubao wa mita 1, ncha moja iguse ardhi upande wa juu, kisha uulaze sawasawa kwa pima maji. Pima kutoka ncha iliyo hewani hadi ardhini: ikizidi sentimita 27, mteremko umepita nyuzi 15, na hapo watengenezaji wengi wanakataza kuendesha. Hata mteremko ukiwa mdogo, kata kwa kupanda na kushuka, usikatize mteremko kwa upande. Mimi nilikatiza asubuhi yenye umande, tairi la upande wa juu likanyanyuka, nikabaki nimeng'ang'ania usukani kama mtoto juu ya punda.

Pima na geti. Mashine yangu ilizidi geti kwa vidole vinne, nikang'oa nguzo. Visiki, mawe, nyasi za magotini? Hapo tangulia na fyekeo.