SOMO: Kusoma na kutazama The Lord of the Rings sambamba

Wakuu, salaam. Mgeni wa simulizi hii akishaingia, swali lake la kwanza huwa ni lile lile: nianze na kitabu au nianze na filamu? Wapo watakaokwambia filamu ni uharibifu, na wapo watakaokwambia kitabu kinachosha. Mimi nasema vitembeze pamoja, juzuu moja kisha filamu yake, juzuu inayofuata kisha filamu yake. Naipenda kazi ya Tolkien, mwandishi wa vitabu, na naipenda kazi ya Peter Jackson, mwongozaji wa filamu, na nina hakika kila moja inaonekana vizuri zaidi ukiwa umetoka kwenye nyenzake muda si mrefu. Fuateni hatua hizi.

Hatua ya 1: The Hobbit, kitabu peke yake

Kilitoka mwaka 1937. Ni kifupi, kimeandikwa kwa ajili ya watoto, hakitakuchosha. Filamu zake ziache kwanza, tutazigusa kwenye maswali.

Unachokifuata humu hasa ni sura ya tano, Bilbo, hobiti (mmoja wa watu wafupi wa dunia ya Tolkien), na Gollum, kiumbe wa mapangoni aliyekuwa na pete ya ajabu, wakitegana vitendawili gizani. Isome taratibu. Bilbo ameiokota pete ile na haonekani akiivaa, upanga anao, Gollum amemzibia njia ya kutokea na hajui yuko hapo hapo. Kumuua ni rahisi kabisa. Anamwonea huruma, anamruka, anakwenda zake. Yote yatakayotokea baadaye kwenye mlima wa moto, Pete inapopelekwa kuharibiwa, yanategemea huruma ile. Na hili wengi hawalijui: katika chapa ya kwanza Gollum alikuwa radhi kabisa kuitoa pete iwe zawadi ya mshindi. Tolkien alipokuwa akiandika simulizi kubwa, The Lord of the Rings, pete ikawa Pete ya Sauron, adui mkuu, inayomtawala anayeishika; aliona Pete ya namna ile Gollum asingeweza kuiachia, akaiandika sura upya, na toleo hilo jipya likatoka mwaka 1951. Ndilo tunalolisoma leo.

Hatua ya 2: The Fellowship of the Ring, na uvumilivu kidogo

Juzuu hii ilitoka mwaka 1954, na ndipo wasomaji wengi wanapokwama. Utangulizi wa historia ya mahobiti na tumbaku yao unaweza kuuruka ukaurudia baadaye. Ramani usiiruke. Aliichora Christopher, mtoto wa Tolkien, na kila msafara unapobadili njia irudie uone wako wapi.

Jiandae kwa mwendo wa pole. Kwenye filamu Frodo, mrithi wa Bilbo aliyeachiwa Pete, anaondoka muda mfupi baada ya sherehe ya Bilbo. Kitabuni inapita miaka 17, na anapotoka Shire, nchi ya mahobiti, ana umri wa miaka 50. Kisha anakuja Tom Bombadil na nyimbo zake, na hapo watu wanafunga kitabu. Ndugu zangu, msikifunge. Mara tu baada ya kuagana na Bombadil, mahobiti wanatekwa na kunaswa kwenye makaburi ya kale, na Bombadil anapowaokoa anawapa visu vilivyotoka humo kaburini. Cha Merry, mmoja wa mahobiti hao, ni kazi ya wahunzi waliokuwa vitani na mfalme mchawi wa Angmar, mamia kwa mamia ya miaka kabla. Mkumbuke Merry na kisu chake mpaka juzuu ya tatu, kwenye uwanja wa vita, atakapomchoma nacho mfalme yule yule. Kwenye filamu visu vinatolewa na Aragorn tu, shujaa anayewaongoza njiani, bila historia hiyo.

Hatua ya 3: Filamu ya kwanza, toleo la ukumbini

Ni dakika 178. Toleo refu lipo na ni zuri, ila subiri. Toleo la ukumbini ndilo lililokatwa kwa mtazamaji anayekutana na hadithi kwa mara ya kwanza, na mwendo wake umepimwa vizuri zaidi.

Filamu zote tatu zilipigwa kwa mkupuo mmoja huko New Zealand, kazi kubwa ikianza Oktoba 1999 na kumalizika Desemba 2000. Kwa hiyo nyuso, mavazi na mwanga vinafanana toka mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mfululizo mwingi wa filamu hauna. Ona pia mkono wa Alan Lee na John Howe, wachoraji waliokuwa wameichora dunia ya Tolkien kwa miaka kabla Jackson hajawaita. Rivendell, makazi ya Waelfi, unayoiona pale ilizaliwa kwenye karatasi zao.

Usishangae Boromir, mmoja wa wasafiri walioandamana na Frodo, akifa mwishoni mwa filamu hii. Kitabuni anafia kwenye sura ya kwanza ya juzuu ya pili.

Hatua ya 4: Juzuu mbili zilizobaki, na jinsi zilivyopangwa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo kitabu na filamu vinapoachana kweli kweli.

Jackson anarukaruka: dakika chache kwa Aragorn, chache kwa Frodo, anarudi kwa mahobiti Merry na Pippin. Tolkien hafanyi hivyo. Nusu ya kwanza ya The Two Towers ni ya Aragorn na wenzake peke yao. Kuhusu Frodo husikii lolote. Nusu ya pili ni Frodo, rafiki yake Sam na Gollum tu, na inaishia Frodo akiwa mikononi mwa adui, Sam amebaki nje ya lango lililofungwa. Unageuza ukurasa unaingia The Return of the King, na Tolkien anakurudisha kwa Gandalf, mchawi mwema. Kila juzuu imegawanywa katika "vitabu" viwili, na Kitabu cha tano chote, vita vyote vya mji wa Minas Tirith, unavisoma hujui Frodo amefikia wapi.

Mwisho wa kitabu hicho, mbele ya Lango Jeusi la nchi ya Sauron, anatokea msemaji wa Sauron. Anaonyesha kimoja kimoja: upanga mfupi wa Sam, joho la kijivu lenye kishikizo cha Waelfi, na fulana ya mithril (madini mepesi na magumu) ya Frodo. Pippin analia kwa sauti. Gandalf anasikia masharti ya adui na anayakataa. Na wewe msomaji hujui zaidi ya anachojua Gandalf. Umebaki na vitu vitatu na hofu.

Filamu ya tatu ukumbini iliiacha kabisa sehemu hii. Toleo refu linayo, lakini mtazamaji kesha kumwona Frodo yu hai, akitembea na Sam. Anawahurumia walioko langoni, ila yeye haogopi. Kwa hilo kitabu kinashinda, tena kwa mbali, na ndiyo sababu nasisitiza umalize kusoma juzuu ya tatu kabla hujaiwasha filamu ya tatu.

Sasa tuwe wa haki, tuangalie upande wa pili. Mioto ya kuomba msaada juu ya milima: kitabuni Gandalf na Pippin wako juu ya farasi usiku, wanaiona tayari inawaka, Gandalf anataja majina ya vilele, wanapita. Mistari michache. Jackson anampandisha Pippin akawashe wa kwanza, halafu kamera inaruka kutoka kilele hadi kilele, theluji chini, muziki wa Howard Shore ukipanda, hadi Aragorn anauona na kukimbilia kwa mfalme Théoden. Hakuna mtu anayezungumza kwa muda mrefu. Hiyo ni sinema ikifanya kile ambacho karatasi haikiwezi, na mimi kila nikiiona mwili unanisisimka.

Hatua ya 5: Rudia filamu ukiwinda maneno yaliyohama

Hii ni furaha ya shabiki aliyekomaa. Jackson, Fran Walsh na Philippa Boyens walipoandika skripti walichukua maneno mengi ya Tolkien wakayahamisha kutoka kinywa hiki kwenda kile. Filamu ya kwanza inafunguka kwa Galadriel, bibi wa Waelfi, akisema dunia imebadilika, anaihisi majini na ardhini. Kitabuni maneno yanayokaribiana sana na hayo ni ya Treebeard, mlinzi wa miti mwenye umbo la mti, tena karibu na mwisho, wakati wa kuagana. Gandalf anapomwambia Frodo kuhusu huruma ya Bilbo, kitabuni wako nyumbani Shire. Filamu imewaweka ndani ya giza la migodi ya Moria, Gollum akiwanyemelea.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni wa Éowyn, mpwa wa Théoden. Kwenye filamu Gríma, mshauri mdanganyifu wa mfalme, anamsogelea na kumwambia juu ya yale anayoyasema peke yake usiku, kuta zikimbana. Yanauma kwa sababu ni ya kweli. Kitabuni anayeyasema ni Gandalf, Éowyn akiwa amelala mgonjwa, akimweleza kaka yake Éomer mateso ambayo hakuwahi kuyaona. Maneno yale yale: kwa mmoja ni mtego, kwa mwingine ni utetezi.

Hatua ya 6: Viambatisho, kisha matoleo marefu

Nyuma ya juzuu ya tatu kuna viambatisho. Soma kwanza kisa cha Aragorn na Arwen katika Kiambatisho A. Ukishakisoma utaelewa Arwen wa filamu, Mwelfi mpenzi wa Aragorn, alitolewa wapi, maana ndani ya simulizi yenyewe anaonekana kwa uchache mno. Baada ya hapo, tazama matoleo marefu. The Silmarillion, kitabu cha historia ya kale ya dunia hii, kilichotoka 1977 baada ya Tolkien kufariki, kiache mpaka hapo. Ukikianza mapema majina yatakuzamisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mkuu, mimi filamu zote nimezitazama zaidi ya mara moja. Kuna haja ya kusoma sasa? Najua mwisho.

Jibu: Ipo, ndugu yangu. Unajua mwisho wa Pete, lakini humjui Faramir, mdogo wake Boromir. Wa filamu anamburuta Frodo hadi Osgiliath kabla ya kumwachia. Wa kitabu anaijua Pete iko mbele yake, anaikataa, anawapa chakula na kuwaacha waende. Anza na sura zake za juzuu ya pili kama unataka kuonja kwanza.

Swali: Dada, naomba kuuliza lile la kila siku. Kwa nini tai hawakumpeleka Frodo moja kwa moja?

Jibu: Kwa sababu kazi ile iliwezekana kwa siri tu. Sauron hakuwahi kufikiri kwamba mtu angetaka kuiharibu Pete, na upofu huo ndio uliokuwa silaha pekee ya akina Gandalf. Tai wakubwa wakivuka Mordor, nchi ya Sauron, mchana kweupe, siri imekwisha. Pia si farasi wa kukodi. Gwaihir, mkuu wa tai, anapomchukua Gandalf kutoka mnara wa Orthanc anamwambia wazi kwamba atambeba mbali ila si hadi mwisho wa dunia, kwani alitumwa kuleta habari, si mizigo.

Swali: Filamu za The Hobbit mbona hazinigusi kama zile? Tatizo ni mimi?

Jibu: Hapana. Kitabu kimoja kifupi kilipangwa kuwa filamu mbili, mwaka 2012 zikafanywa tatu, na nafasi iliyopatikana ikajazwa. Tauriel, Mwelfi wa kike wa filamu hizo, hayumo kitabuni, na Legolas hatajwi humo kabisa. Lakini itazame ile ya kwanza angalau kwa ajili ya sehemu ya vitendawili. Martin Freeman (Bilbo) na Andy Serkis (Gollum) wameitendea haki.

Swali: Nimesoma kwamba Christopher Tolkien hakuzipenda filamu. Sisi tunaozipenda si tunamkosea marehemu?

Jibu: Ni kweli, alilieleza gazeti la Le Monde mwaka 2012, na maneno yake yalikuwa makali. Mimi namheshimu sana. Bila yeye kukaa na karatasi za baba yake kwa miongo, tusingekuwa na robo ya tulichonacho. Alichoona ni uzuri na uzito wa kazi ukipunguzwa kuwa vita na mapigano, na zipo sehemu nakubaliana naye. Lakini filamu hizo ndizo zilizowafikisha watu wengi kwenye kitabu, mimi nikiwemo. Kumheshimu ni kusoma alichokihifadhi.

Swali: Kiingereza cha Tolkien kinanishinda, mashairi ndiyo kabisa. Nifanyeje?

Jibu: Sikiliza huku unasoma. Andy Serkis, yule yule wa Gollum, amesoma The Hobbit na juzuu zote tatu kwa sauti, na kila mhusika amempa sauti yake. Maana nyingi utaipata kwenye kiimbo kabla ya kamusi. Mashairi yaache yapite kama muziki.

Swali: Tunataka kutazama zote tatu kwa mfululizo na marafiki. Siku gani inafaa?

Jibu: Mashabiki wana siku tatu. Tarehe 3 Januari alizaliwa Tolkien. Tarehe 25 Machi ndiyo siku Pete ilipoangamia, na ni siku ya kumsoma Tolkien duniani kote. Tarehe 22 Septemba ni siku ya kuzaliwa Bilbo na Frodo, hiyo ndiyo ninayoipendekeza kwa karamu. Matoleo ya ukumbini ni saa 9 na dakika 18 kwa jumla, marefu yanazidi saa 11. Anzeni asubuhi, na pumzikeni kabla ya filamu ya tatu, maana ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo iliyoshinda Oscar zote 11 ilizoteuliwa.

Swali: Dada, kuna kitu kimoja kilichoachwa ambacho wewe binafsi kinakuuma?

Jibu: Kipo. Mahobiti wanne wanaporudi Shire na kuikuta imetekwa, miti imekatwa, watu wao wanaogopa majambazi wa Saruman, mchawi msaliti. Hakuna Gandalf wa kuwasaidia, alishawaaga njiani. Merry ndiye anayepiga baragumu, na yeye na Pippin wanawainua wenzao, na Frodo anakataza kuua kadiri inavyowezekana, hata Saruman mwenyewe anataka aachwe aende. Filamu inawarudisha kwenye kijani kile kile, wanakunywa bia, watu wanawapita. Shire inayoteketea tuliionyeshwa kwenye kioo cha Galadriel tu. Naelewa kwa nini Jackson aliiacha, filamu tayari ilikuwa na miisho mingi. Ila ni sura ya 8 ya kitabu cha sita, inasomeka kwa mkao mmoja. Yeyote aliyeishia kwenye filamu aanze na hiyo, kisha aje hapa tujadili.