Maji ya moto kihambani bila kumaliza kuni wala luku

Mama mkwe wangu ana miaka 83, na baridi ikiingia magoti yake hukakamaa. Hapa kwetu Kibosho, kwenye mteremko wa kusini wa Mlima Kilimanjaro, baridi huanza mwezi wa sita. Ukungu hushuka kutoka msituni, ukakaa juu ya migomba, na wiki nzima inaweza kupita hatujauona mlima. Asubuhi moja ya mwezi wa saba nilimkuta bafuni anajifuta kwa maji ya bomba vilevile yalivyo, kwa sababu kuni zilikuwa zimelowa na hakutaka kumwamsha mtu. Nilifundisha sayansikimu miaka 27 na kipimajoto cha jikoni ninacho mpaka leo, nikayapima maji yale: nyuzi joto 16. Tangu siku hiyo nimebadilisha namna tunavyopata maji ya moto hapa nyumbani, hatua kwa hatua. Naandika nilivyofanya, kwa ajili ya mwenye nyumba kijijini anayetegemea kuni kidogo, luku kidogo na bomba la mserereko ambalo siku nyingine halitoi kitu.

Anza na ndoo

Wengi wakiamua kubadilisha hukimbilia mjini kuuliza bei ya mtambo wa jua wa kupasha maji. Naomba kwanza uandike kwa siku tatu kila ndoo ya maji ya moto inayotoka jikoni, ni ya nani na ya kazi gani. Sisi tuko sita. Watano wanaoga nusu ndoo kila mmoja, yaani lita 10. Bibi anaoga ndoo nzima. Vyombo vya maziwa vinakula lita 10. Jumla lita 80 kwa siku, za nyuzi 40 hivi, ambalo ndilo joto la maji ya kuoga.

Sasa piga hesabu. Kupandisha lita 80 kutoka nyuzi 16 hadi 40 kunahitaji uniti 2.2 za umeme, hata kama hakuna joto lolote linalopotea njiani. Kwa mwezi ni uniti 67. Sisi wa matumizi madogo tunapata umeme wa bei nafuu mpaka uniti 75 kwa mwezi, na zinazozidi hapo bei yake inaruka zaidi ya mara tatu. Kwa hiyo hita ya kuzamisha kwenye ndoo, ambayo dukani inaonekana rahisi kuliko vyote, ingekula karibu mgao wote kabla hujawasha taa. Hiyo ndiyo sababu sikuichagua. Na kama unayo, chomoa waya ukutani kabla ya kugusa maji, kila mara, na usiitumie kwenye ndoo ya bati. Watoto wafundishwe hivyo kabla hawajaruhusiwa kuikaribia.

Zuia joto lisitoroke

Hatua hii ndiyo iliyonipa faida ya haraka kuliko zote, na haikunigharimu hata elfu ishirini.

Kwanza kifuniko. Sufuria ikitokota wazi, joto linaondoka na mvuke. Lita moja ya maji ikishageuka mvuke imebeba joto ambalo lingechemsha karibu lita 7 za maji ya bomba letu. Tulikuwa tunaacha sufuria la lita 20 linatokota huku tunamsubiri mtu aamke. Siku hizi sufuria lina kifuniko kinachobana, na maji ya kuoga hatuyafikishi kwenye kutokota, kwa sababu anayeoga ataongeza ya baridi vilevile. Ya kunywa tu ndiyo tunayachemsha kabisa.

Pili, kuni kavu. Kuni mbichi hutumia moto wake kukausha maji yaliyomo ndani yake kabla hazijakupa wewe chochote. Msitu wa mlimani uliingizwa ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro mwaka 2005, kwa hiyo zetu ni matawi ya mgrivea na mashina ya kahawa iliyozeeka. Tunazipasua mwezi wa kwanza na wa pili, wakati wa jua kali, na kuzipanga darini juu ya jiko kabla masika hayajaanza. Mafiga matatu yalihamia nje, ya kupikia mbege (pombe ya ndizi) tu. Ndani kuna jiko banifu la matofali na udongo lenye bomba la kutolea moshi.

Tatu ni sanduku. Fundi seremala alinitengenezea sanduku la mbao ambalo ndani yake inaingia ndoo ya aluminiamu yenye mfuniko, na kila upande inabaki nafasi ya kiganja kizima. Nafasi hiyo nimeishindilia majani makavu ya migomba, chini na pembeni, na juu unawekwa mto wa sufi. Maji ya nyuzi 70 niliyoyaweka saa moja jioni, saa kumi na moja alfajiri niliyakuta yana nyuzi 55. Yanatosha bibi kuoga, watoto kunawa uso na kukamulia ng'ombe, bila moto kuwashwa alfajiri. Majani yabadilishwe yakishalowa. Yaliyolowa hayashiki joto.

Kama fedha ya mtambo haipo, ishia hapa kwa mwaka mmoja. Kuni zetu zilipungua kwa karibu nusu kwa hatua hizi tatu peke yake.

Jua, hata penye ukungu

Ukitaka kujaribu jua kwa gharama ndogo, nunua roli la bomba jeusi la plastiki la inchi moja, mita 100. Linabeba karibu lita 50. Lizungushe kama konokono juu ya bati, upande mmoja uunganishe na simtanki iliyo juu kidogo, upande wa pili weka koki bafuni. Mchana wa jua unapata maji ya kutosha kuogesha watoto, lakini usiku yanapoa yote, kwa hiyo yatumike kabla giza halijaingia. Usiliunganishe moja kwa moja na bomba la kijiji. Plastiki ikipata joto hulegea, na presha ikija ghafla inapasuka. Jirani yangu amekaa na roli lake miaka mitatu na ameridhika nalo.

Sisi tuliongeza fedha ya kahawa tukanunua mtambo wenyewe. Zipo aina mbili. Ya kwanza ni sahani bapa yenye kioo juu na mabomba ya shaba ndani. Ya pili ni mirija ya kioo yenye kuta mbili, katikati ya kuta hewa imetolewa, sawasawa na chupa ya chai. Kwa mjini Moshi kwenye joto ningechukua sahani bapa, kwa kuwa ni imara. Kwa huku juu nilichagua mirija, kwa sababu hewa ya baridi haiibi joto lililokwisha kuingia. Kwa makadirio, mirija 15 inakwenda na tangi la lita 150.

Muuzaji alinishauri la lita 300. Kwa kuwa nilikuwa nimeshapima ndoo zangu, sikukubali. Lita 80 za nyuzi 40 unazipata kwa kuchanganya lita 44 tu za nyuzi 60 na maji ya bomba. Tangi la 150 likijaa jua moja zuri linanipa siku mbili na zaidi. Tangi kubwa lisilopata jua la kulitosha linakupa maji mengi ya vuguvugu yasiyofaa kwa lolote.

Kufunga ndiko kulikonitia hasara. Fundi wa kwanza aliuweka mtambo kwenye paa linalotazama Moshi mjini, upande wa kusini, kwa kuwa ndio unaoonekana kutoka barabarani. Mwezi wa kwanza ulifanya kazi vizuri, nikafurahi. Mwezi wa saba, wakati tuliouhitaji zaidi, maji yalikuwa na nyuzi 30. Nilisimika kijiti uani saa sita na nusu mchana, ambao kwetu ndio wakati jua liko juu kabisa: kivuli kililala kuelekea mjini. Maana yake jua la miezi ya baridi liko upande wa mlima. Kwa mtambo uliolala kuelekea kusini, hata mchana usio na wingu, karibu robo ya jua hilo inapotea. Tukauhamishia upande wa kaskazini, umeinama nyuzi 15 hadi 20 kutoka usawa wa ardhi. Miezi ya kiangazi jua liko kusini, lakini wakati huo lipo jingi na maji yanazidi mahitaji. Panga mtambo wako kwa ajili ya mwezi wa saba.

Mambo mengine ya kumsimamia fundi, na usione haya kusimama naye:

Tangi la lita 150 likijaa, pamoja na chuma chake, linakaribia kilo 200, kama magunia mawili ya mahindi. Kenchi za mkaratusi za nyumba ya zamani hazifai kulibeba. Sisi tulijenga mnara mfupi wa nguzo za zege kando ya bafu. Ilitusaidia pia kuwa karibu: bomba la nusu inchi la mita 20 linashika lita tatu na nusu, na hizo zote hutoka zimepoa kabla ya moto kufika. Kwa mtu anayeoga lita 10 hiyo ni theluthi. Bomba la moto livikwe sponji yake na juu yake nailoni ya kuzuia mvua.

Kama ni sahani bapa yenye tangi lake pembeni, kitako cha tangi kiwe juu ya ncha ya sahani kwa sentimita 30 hivi, na bomba lipande moja kwa moja bila kushuka popote. Maji ya moto hupanda yenyewe kwa kuwa ni mepesi; ukiweka kona inayoshuka, hewa inajikusanya hapo na mzunguko unakufa.

Mtambo wa mirija usio wa presha unahitaji tangi dogo la kulishia lenye boya, na bomba la kupumulia lililo wazi juu. Asilizibe mtu. Na hili ndilo la muhimu kwetu ambao maji hukatika: mirija ikikaa tupu juani, kisha maji baridi yakaingia, kioo kinapasuka. Mimi naweka simtanki ya lita 500 juu ya mtambo ili usikauke. Ukikauka, funga koki ya kuingizia, usubiri mpaka alfajiri kioo kipoe, ndipo ujaze.

Angalia vivuli kabla ya kununua, asubuhi na jioni. Mparachichi mmoja nilioupenda tuliupunguza matawi, mgomba mmoja tukauhamisha. Koki ya bafuni iwe ya kuchanganya, kwa sababu siku za kiangazi maji hupita nyuzi 70 na yanaunguza ngozi ya mtoto mara moja. Na tuliufundisha mwili ratiba mpya: sisi wote isipokuwa bibi tunaoga jioni, maji yakiwa moto zaidi.

Siku za wingu tupu

Mtambo wa jua hauwezi peke yake siku nne za ukungu. Hapo zizi linasaidia. CAMARTEC, kituo cha zana za kilimo na teknolojia vijijini cha Arusha, kimekuwa kikieneza mitambo ya biogesi, yaani gesi ya samadi, tangu miaka ya 1980, na mafundi waliojifunza kazi hiyo wapo huku kwetu. Ng'ombe mmoja wa kufungiwa ndani anatoa samadi ya kutosha gesi ya kupasha ndoo mbili mpaka tatu kwa siku. Tunao wawili. Kwa maji ya moto pekee nisingejenga shimo la gesi, gharama ni kubwa mno. Lakini kama unapikia pia, na tope lake unalirudisha kwenye migomba na kahawa, inalipa.

Kichwa cha kuogea cha umeme, kile kinachopasha maji papo hapo, kinavuta kilowati 5 na zaidi. Nyumba nyingi huku waya zake ni nyembamba, na jioni umeme ni mdogo. Nimeshaona soketi iliyoyeyuka. Usifunge bila fundi umeme kukuvutia waya wake mnene na swichi yake kutoka kwenye bodi.

Na kwa ndugu zetu wa upande wa Meru, Maji ya Chai na Ngarenanyuki: floraidi, madini ya majini yanayoharibu meno na mifupa yakizidi, haiondoki kwa kuchemsha. Maji yakipungua kwa mvuke, floraidi inazidi kukolea. Ya kuoga yapasheni bila hofu, ya kunywa tafuteni chanzo kingine.

Matunzo ni machache. Kila mwisho wa mwezi nafuta mirija vumbi na majani, alfajiri kabla haijapata joto. Mara moja kwa mwaka tunafungua koki ya chini kutoa tope la mvua za masika. Ndani ya tangi kuna fimbo ya magnesiamu inayoliwa na kutu badala ya tangi. Muulize muuzaji ilipo kabla hujalipa, kwa sababu yangu niliikuta mwaka wa pili imebaki nyembamba kama kijiti cha kiberiti, na ya kubadilishia ilibidi iagizwe.