Jinsi ya kuzitambua laikeni za ganda kwenye magome, anzia mnazi wa nyumbani kabla hujapanda Uluguru

Wadau mnaopenda miti, kabla hujakata tiketi ya SGR kwenda Morogoro kuzitafuta milimani, anza hapo hapo ulipo, Tabata, Kigamboni, Mbezi, popote penye mnazi wa siku nyingi. Yale mabaka meupe na ya kijivu yaliyoganda kwenye shina kama mtu kamwagia chokaa ndo laikeni, wengine wanaita kuvumwani, yaani kuvu na mwani wanaishi mwili mmoja, mwani anapika chakula kwa jua, kuvu anajenga nyumba. Sio ugonjwa jamani. Jirani yangu mzee wa watu alishashika panga akwangue mwembe wake wote, nikamwomba asubiri. Haina mizizi wala hainyonyi mti, inaishi kwa jua, mvua na vinavyopita hewani, gome ni pa kukaa tu.

Tafuta lenzi ndogo ya mara 10 kama ile ya sonara, chupa ya kupulizia maji na kiwembe. Lenzi igande jichoni kabisa alafu uso ndo uufuate gome, ukiishika mbali kama unasoma gazeti hutaona kitu.

Jaribu kwanza kuing'oa kwa ukucha. Ikiinuka kama jani dogo la mti basi sio hii, ya ganda haitoki bila kutoka na gome lenyewe. Kisha pulizia maji, tulia kidogo, uangalie. Hapa ndo napapenda kuliko pote, baka lililokuwa la kijivu, kavu kabisa, linageuka kijani unaliona hivi hivi, sababu ngozi ya kuvu ikilowa inapitisha mwanga na mwani wa ndani anajitokeza. Kwangua kidogo mno, kama ncha ya njiti ya kiberiti, na ukikuta rangi ya karoti usishtuke, huyo ni mwani anaitwa Trentepohlia, kwa ukoo ni mwani wa kijani ila ana rangi ya chungwa, na laikeni nyingi za nchi za joto zinaishi naye.

Alafu tafuta sehemu za uzazi, maana rangi peke yake inadanganya sana. Kuna zenye visahani vya duara, kuna zenye vidoti vyeusi, na kuna zenye mistari myeusi iliyopindapinda kama mtu kaandika kwa kalamu, nyingi za hivyo ni jenasi Graphis, jina lenyewe limetoka kwenye Kigiriki cha kuandika. Kama una tawi lililoanguka lenyewe, gusisha tone la jiki kwa kijiti cha meno, baadhi zinageuka nyekundu sekunde hiyo hiyo. Mtaalamu wa laikeni, Nylander, alikuwa anatumia kipimo hicho tangu miaka ya 1860, na ndo huyo aliyegundua Paris kwamba hewa chafu inazifukuza mjini.

Ukifika Uluguru ukungu unalowesha magome mara kwa mara, ganda linabanana na kuvumwani za ndevu zinazoning'inia, kwa hiyo usikimbilie kileleni, simama mti mmoja hata nusu saa. Piga picha ukiweka sarafu pembeni, andika mti gani na kimo gani. Usikate kitu, ile ni hifadhi na sampuli zinataka kibali, na baka la upana wa kiganja linaweza kuwa limekua kwa milimita chache tu kila mwaka. Kile kitawi cha nyumbani kiweke kwenye bahasha ya karatasi, kwenye plastiki kitaota ukungu.