SOMO: Kuchagua nyumba ya mbao ya mtoto wa bandia

Assalaam alaykum. Kila nikifungua simu nakuta swali lile lile: "Fundi, nimchukulie mwanangu nyumba ya mtindo gani?" Nimeona niandike mara moja, kila mtu asome. Tafadhali maliza mpaka chini ndipo uulize.

Hatua ya 1: Umri. Chini ya miaka 3, pasiwe na kitu chochote kinachong'oka na kuenea mdomoni.

Hatua ya 2: Mpime mtoto wa bandia kabla ya kutazama nyumba. Hapa ndipo pesa za watu zinapopotea. Mzazi anaona picha, anapenda roshani na ngazi, analipa. Nyumba ikifika, bandia hapiti mlangoni, na akilazwa kitandani miguu inatokea dirishani. Mtoto anaiacha siku hiyo hiyo, kwa sababu mchezo wenyewe ni kuingia na kutoka, kulala na kuamka.

Barbie ana kimo cha kama sentimita 29. Wale wadogo wa kipimo cha moja kwa kumi na mbili (sentimita 12 za kweli zinakuwa sentimita 1), mtu mzima wao hufika kama sentimita 15. Kanuni yangu: kimo cha chumba kiwe mara moja na nusu ya kimo cha bandia. Kwa Barbie ni sentimita 43 au 44. Sasa hesabu ghorofa tatu: mita 1.3, paa bado! Mtoto wa miaka 4 mwenyewe ana kama mita moja. Ghorofa ya juu haifikii, atapanda kiti, au atajivuta kwa kuishika nyumba na imwangukie. Nyumba yoyote inayomzidi mtoto kifua ikazwe ukutani kwa chuma cha pembe. Hilo halina mjadala.

Pima na kina. Chumba chenye kina kinachozidi sentimita 30 kinamlazimisha mtoto aingize kichwa ili afike nyuma.

Hatua ya 3: Tazama anachezea wapi. Watoto wetu wengi wanacheza chini, juu ya mkeka. Kwa hao hakuna mtindo unaoishinda nyumba ya Ng'ambo, mitaa ya mjini Unguja iliyo nje ya Mji Mkongwe: chini tu bila ghorofa, ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uwani nyuma. Usiiwekee paa, au weka paa la kuinua. Mtoto anaingiza mikono kwa juu, na watoto wanne wanaizunguka bila kusukumana. Uwani ndipo panapochezwa zaidi ya vyumba vyote, kwa hiyo usiubane. Pawe na nafasi ya mafiga, kamba ya kuanikia nguo na mbuzi ya kukunia nazi.

Anayecheza amesimama, mpe nyumba ya Mji Mkongwe iliyo wazi upande mmoja mrefu. Vyumba vya kule ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulifuata urefu wa boriti za mikoko, kama mita 3. Kwa kipimo cha moja kwa kumi na mbili hiyo ni sentimita 25, na mkono wa mtoto unafika mpaka ukutani. Usisahau baraza nje.

Zile za kufunguka mbele kama kabati zinabana vidole. Subiri mtoto afike miaka 6 hivi.

Hatua ya 4: Mbao. Plaiwudi nzuri ya milimita 9 kwa kuta, 12 kwa kitako. Mbao za unga wa mbao uliogandishwa (MDF) zikinyonya unyevu wa masika zinafura na hazirudi. Bawaba na skrubu ziwe za shaba, chumvi ya bahari inakula chuma.

Hatua ya 5: Msasa na rangi. Piga msasa kila pembe. Rangi iwe ya kopo lililoandikwa halina madini ya risasi. Usitumie masalio ya rangi ya zamani.

---

kijana_wa_mjini: Bei gani?

Fundi: Bandia ana kimo gani? Anachezea wapi? Rudi hatua ya 2 na ya 3.

kijana_wa_mjini: Mimi nataka Beit al-Ajaib tu, lile jumba la nguzo la Forodhani, Unguja. Binti ana miaka 2.

Fundi: Ndugu yangu, nguzo zile nyembamba atazivunja na kuzitia mdomoni. Nshasema hatua ya 1. Kwa miaka 2 mpe chumba kimoja kisicho na mlango.

mama_mapacha: Fundi, wangu wawili wanagombana kwa kila kitu. Ninunue mbili?

Fundi: Dada, kuna njia nyengine: mtindo wa majumba ya Michenzani, yale marefu ya fleti ya mjini Unguja. Kila chumba kisanduku chake, vinapangwa juu na ubavuni. Kila mmoja ana fleti yake, na ngazi wanachangia. Anza na visanduku vinne, ongeza kila sikukuu. Visivuke viwili kwenda juu, na vishikane kwa skrubu.

mkaazi_wa_wete: Shukran kwa somo. Mlango wa kuchonga unawezekana kwa udogo huo?

Fundi: Swali zuri. Usichonge plaiwudi, inachanika. Tafuta kipande cha mfenesi, kinachongeka vizuri na rangi yake inapendeza. Fanya mbao mbili na mfaa (ule mti wa kusimama) katikati, chonga mfaa na kizingiti cha juu tu, mbao ziache laini. Vichwa vya misumari vichore kwa rangi ya dhahabu, usipigilie vya kweli, vinang'oka.

mkaazi_wa_wete: Bibi huku anasuka mikeka. Namwomba asuke wa ukumbini.

Fundi: Mwambie ukili uwe mwembamba kabisa, na ukingo ashonee kitambaa. Akisuka wa ziada, mimi nanunua, wateja wangu wanauulizia.

mama_mapacha: Na pazia?

Fundi: Kanga iliyochakaa, inalala vizuri kuliko mpya. Kata upande wenye maua madogo.