Mzee mwenye moyo mnene: ni presha au ni ugonjwa wa kurithi?

Mzee wa miaka 70 anafika zahanati, anahema akipanda mlima, kifua kinambana, na aliwahi kuzimia. Presha ikisoma 150 kwa 90, wengi huandika presha na kuishia hapo. Msiishie hapo. Unene wa misuli ya moyo wa kurithi unaweza kujificha hadi uzeeni.

Anza na ukoo. Ukiuliza kama kwao kuna ugonjwa wa moyo, utajibiwa hapana. Uliza nani alianguka ghafla akafa akilima tumbaku au akicheza mpira, au alizama ziwani ilhali alijua kuogelea. Andika vizazi vitatu, upande wa baba na wa mama.

Kisha weka kipimo cha kusikilizia kushoto mwa mfupa wa kidari. Mwambie mzee achuchumae, halafu asimame. Mtu awe karibu kumdaka. Mvumo, yaani sauti ya damu inayopita kwa msukosuko moyoni, ukipanda anaposimama, shuku ugonjwa huu: damu inayorudi moyoni imepungua, chumba cha kushoto kimekuwa kidogo, na njia ya kutokea damu imebanwa zaidi. Valvu ya aota iliyokakamaa, ambayo ni ya kawaida kwa wazee, hufanya kinyume. Magoti yakigoma, apulize bomba la sindano la mililita 10 kwa sekunde 15, nawe usikilize kama mvumo unapanda.

Kwenye ECG, kipimo cha umeme wa moyo, mawimbi ya T yaliyopinduka huongeza shaka. Mawimbi yakiwa madogo huku ukuta wa moyo ni mnene, fikiria amiloidi, protini inayojikusanya kwenye misuli ya moyo, hasa kama viganja vyote viwili vina ganzi.

Barua ya rufaa, iwe ya hospitali ya Maweni (Kigoma) au Kitete (Tabora), iombe eko, yaani picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti, yenye unene wa kila upande wa ukuta kwa milimita, na tofauti ya mgandamizo kwenye njia ya kutokea damu akiwa ametulia na akijikamua. Kuanzia 30 mmHg, njia imeziba. Mipaka ya unene ndiyo inayopotosha: kwa jumla ni milimita 15, lakini kwa Waafrika presha pekee inaweza kunenepesha ukuta hadi hapo, 20 ndiyo huelekeza kwenye kurithi. Ukibaki njia panda, dhibiti presha, namba yake ya juu iwe chini ya 130 kwa miezi 6 hadi 12, urudie eko. Ukuta ukipungua, huenda ilikuwa presha.

Nifedipini (dawa ya presha), isosorbaidi (dawa ya kifua kubana) na dawa za kukojosha zinaweza kumfanya azimie mwenye njia iliyoziba, kwa hiyo daktari azipitie mapema.

Ugonjwa ukithibitika, waite watoto na ndugu wa tumbo moja. Kila mtoto ana uwezekano wa asilimia 50 wa kurithi, na kwao unene wa milimita 13 unatosha kuonyesha ugonjwa. Mtu mzima aliye salama leo arudie eko kila miaka 3 hadi 5.