Jinsi ya kumpandisha mtu cheo bila kumpima kwa kabila lake

Kwenye majopo ya mahojiano ya kazi huku Kenya, kabila mara nyingi halitajwi kwa matusi. Huja kama sifa. "Huyu ni mwaminifu sana, mwachieni stoo." "Yule ana jicho la biashara." "Wale ni watu wa vitabu, awe mshauri." Aliyesifiwa uaminifu hupewa funguo, hapewi tawi. Aliyesifiwa biashara hupewa tawi, kisha shilingi ikipungua wa kwanza kushukiwa ni yeye. Wakamba wameubeba mzigo huu tangu ukoloni: Waingereza waliwaandikisha kwa wingi katika King's African Rifles, jeshi lao la kikoloni Afrika Mashariki, wakawasifu kuwa askari hodari na watiifu, na anayesifiwa utii si rahisi kufikiriwa kuwa mtoa amri. Kwa hiyo jopo linalojivunia kuwa halina matusi bado halijafanya kitu.

Mfano hapa ni SACCO, yaani chama cha akiba na mikopo, inayotafuta meneja wa tawi kutoka miongoni mwa wafanyakazi wake. Shule au kampuni itabadilisha vigezo tu.

Vigezo viandikwe kabla ya faili yoyote kufunguliwa. Vitano vinatosha, jumla alama 100: kusimamia watu 30, kufuatilia mikopo 25, hesabu na ripoti 20, kutatua migogoro 15, kuhudumia wanachama 10. Wanajopo wote watie sahihi siku hiyohiyo. Visipoandikwa mapema, watu huvibuni baada ya kumwona wanayempenda: akiwa na shahada, shahada ndiyo muhimu, akiwa hana, ghafla uzoefu ndio unaohesabika. Kigezo cha aina ya "ana sura ya uongozi" au "anaendana na sisi" kifutwe. Hakipimiki, na kabila hujificha humo.

Kisha katibu asiyetoa alama asafishe faili. Kufuta jina peke yake hakutoshi. Kila mwombaji apewe nambari, si herufi za mwanzo za jina: watu wakiona O moja tu washaamua ni Mjaluo, ingawa Wakisii na Waluhya nao wana majina ya O tele. Futa kaunti ya kuzaliwa, shule ya msingi, lugha ya nyumbani, dini, anwani ya posta ya kijijini na majina ya wadhamini. Ondoa pia nakala ya kitambulisho, maana kile cha zamani kinataja mahali pa mtu kuanzia wilaya hadi kata ndogo. Katika ofisi ya watu 15 wanaojuana, kuficha majina ni maigizo. Ruka hatua hii na uweke nguvu zako kwenye maswali na alama.

Maswali sita, dakika 40, kwa mpangilio uleule, na kila swali liulizwe na mtu yuleyule kwa waombaji wote. Yaulize mambo yaliyotokea: "Tueleze mara ya mwisho ulipomkatalia mwanachama mkopo. Ulifanya nini, na mambo yaliishaje?" Swali la "ungefanyaje" humpendelea mwenye ulimi mwepesi, na hapo lafudhi ndiyo inaanza kupewa alama. Mtu akichanganya r na l, yupo atakayecheka moyoni na kumpunguzia. Fomu iseme wazi kwamba kinachopimwa ni kama alieleweka, wala si matamshi.

Jihadhari pia na maongezi ya kumkaribisha mgeni. "Karibu, keti. Kwenu ni wapi?" Aliyeuliza hakuwa na nia mbaya, lakini jibu likishatoka, kila kitakachosemwa baadaye kitasikika kupitia jibu hilo. Uliza kama angependa maji.

Alama ziwe 1 hadi 5, na maana yake iandikwe. Kwa kutatua migogoro, 1 ni anayelaumu wengine tu, au anayedai hajawahi kukutana na mgogoro. 3 ni anayeeleza mgogoro mmoja, jinsi alivyosikiliza pande zote na ulivyoisha. 5 ni anayeongeza alichobadilisha ili usirudi, na anayetaja mtu wa kuthibitisha. Mwishoni alama ya kila kigezo igawanywe kwa 5 na kuzidishwa kwa uzito wake: aliyepata 4 kwenye kusimamia watu ana 24 kati ya 30.

Kila mwanajopo ajaze fomu kimya mara tu mwombaji anapotoka, na katibu azikusanye kabla ya mtu kusema lolote. Hapa ndipo majopo mengi huharibu: mwenyekiti anaguna tu, "Mmh, huyu kijana!", na wa chini yake wanarekebisha namba zao. Maoni yaanzie kwa mwenye cheo cha chini, mwenyekiti amalizie. Jadilini tu pale alama zinapotofautiana kwa 2 au zaidi.

Katika mjadala, neno la tabia lisilo na tukio halihesabiwi. Anayesema "ana kiburi" aulizwe: alisema nini, swali la ngapi? Tabia moja hupewa majina mawili. Kupaza sauti mkutanini kwa huyu ni msimamo, kwa yule ni majivuno ya kwao. Mtu wa Pwani akisema tungoje ripoti ya mkaguzi, eti ni mzito wa kazi. Mtu wa bara akisema hivyohivyo, ni mwangalifu. Badilisheni kabila vichwani mwenu. Hukumu ikibadilika, futeni.

Lakini mahojiano huona tu kile mtu alichowahi kupewa nafasi ya kufanya. Mwaka mmoja kabla ya nafasi kutangazwa, chora jedwali la miezi 12. Upande mmoja: nani alikaimu, alishika bajeti, aliongoza mkutano, aliwakilisha ofisi nje. Upande wa pili: nani aliandika kumbukumbu, alitunza stoo, alitumwa kudai madeni juani. Majina ya jamii moja yakijaa upande mmoja, dhana imeshafanya kazi, na hakuna swali la mahojiano litakaloirekebisha. Zungusha kukaimu kila miezi 3, kwa orodha iliyobandikwa ukutani.

Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 inazuia taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Hesabu hiyo inaweza kutimia huku wasimamizi wote wakitoka kwao kumoja, kwa hiyo hesabu kila daraja peke yake. Kwa mwajiri yeyote, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 5, inakataza ubaguzi wa kabila hata katika kupandisha vyeo, na mlalamishi akienda mahakamani ni mwajiri anayepaswa kuthibitisha kwamba haukutokea. Fomu zilizotiwa sahihi na vigezo vyenye tarehe ndivyo ushahidi wako, vitunze.

Waliokosa waandikiwe ndani ya siku 7: vigezo viwili walivyopata alama ndogo zaidi, na kazi mahususi watakayopewa robo mwaka ijayo ili wavifanyie mazoezi, pamoja na jina la msimamizi atakayehakikisha wameipata.